Yai Lililovaa Koti

Pale Same, kwenye kituo kile ambapo mabasi makubwa husimama dakika kumi ili abiria washuke kujisaidia na kununua cha kutafuna, Agatha alijulikana kwa ndoo yake. Jina lake la ubatizo wengi hawakulijua. Walimwita Mama Evaline, na wale wasiojua kama ana mtoto walimwita Mama Mayai, naye aliitika yote mawili kwa sauti ileile ya chini.

Kwao ni Myamba, juu huko ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na mtu anapuliza moto huku kavaa sweta. Aliteremka Same akiwa binti wa miaka ishirini na mbili, ameolewa na Erasmo. Siku ya kwanza aliuliza upepo wa huku chini unaacha lini kuvuma. Erasmo akamwambia hauachi, utauzoea. Hakuuzoea, ila aliacha kuuliza.

Erasmo alikuwa muuza mayai ya kuchemsha. Alikuwa mrefu, mkono wake ulifika dirisha la basi bila yeye kurukaruka kama wenzake. Agatha alichemsha nyumbani, Erasmo akauza, wakamzaa Evaline, wakajenga vyumba viwili, na maisha yakaenda hivyo, si mazuri sana wala si mabaya.

Kisha ikaja siku ile. Basi moja lilikuwa limesimama, jingine linarudi nyuma. Erasmo alikuwa katikati yao, mkono uko dirishani, anampa abiria chumvi kwenye kipande cha karatasi. Waliokuwepo wanasema hakupiga hata kelele. Walipofika nyumbani kumwita Agatha, sufuria ilikuwa inatokota, naye aliipua kwanza ndipo akatoka. Mpaka leo hilo linamsumbua kuliko mengine yote, kwamba aliipua sufuria kwanza.

Walimzika Myamba, maana naye kwao ni huko. Matanga yalipokwisha, mwenyekiti wa wachuuzi, Fredrick, alipanda mlima na kizibao cha kijani cha marehemu, kimefuliwa na kukunjwa vizuri. Mgongoni kina namba saba.

"Nafasi ni yako, mama," alisema. "Usiiache."

Hapo kituoni pana utaratibu ambao mpita njia hauoni. Zamani kila mtu aliuza kila kitu, wakawa wanagombania madirisha mpaka wakafika kumwagiana chai ya moto. Ndipo wakakubaliana kwamba kitu kimoja ni cha mtu mmoja. Maji na soda ni vya Yunus. Chapati na maandazi ni vya Tausi. Sandwichi ni za Sadock, slesi mbili zenye siagi, nyanya na tango, zimekatwa pembetatu na kufungwa nailoni. Mayai ni ya Erasmo, na baada yake mkewe. Mwenye nafasi ana kizibao, na mwenye kizibao lazima aonekane hapo asubuhi na jioni, maana Fredrick anapita kuangalia. Ukikosekana wiki nzima bila taarifa, namba yako inapewa aliye kwenye foleni. Na ukiuza cha mwenzio, unavua.

Agatha alikivaa kizibao kile. Kilimfika karibu na magoti. Akachagua kusimama karibu na nguzo ya taa, hatua tatu tu kutoka pale alipofia Erasmo. Watu walidhani atapaogopa. Yeye aliona hapo ndipo mahali pekee Same ambapo mtu akisema "Erasmo" haelezwi ni Erasmo yupi.

Miaka minne akauza mayai. Halafu mabasi yakabadilika. Yakaja haya mapya yenye kiyoyozi, madirisha hayafunguki, na ukitaka kuuza unasimama mlangoni unamwangalia konda usoni.

"Mama, mayai hapana," konda wa kwanza alimwambia. "Maganda yanaingia kwenye viti, na harufu haina pa kutokea."

Wa pili akasema hivyohivyo. Baada ya mwezi hawakusema tena, walitikisa kichwa tu. Agatha akawa anarudi nyumbani na ndoo kama alivyotoka nayo. Evaline alipokuja likizo kutoka shuleni kwake Usangi, walikula mayai asubuhi, mchana na usiku, mpaka siku ya nne mtoto akaangalia sahani na kusema, "Mama, na leo?" Akayala. Lakini Agatha aliisikia ile sauti.

Kilichofuata hakukipanga. Asubuhi moja alinunua chapati kwa Tausi ili apate kifungua kinywa, akamenya yai, akaliponda na kitunguu na pilipili, akaliweka ndani na kuikunja. Kabla hajaitia mdomoni, konda mmoja mwenye njaa akamwambia, "Hiyo je, inauzwa?" Kesho yake konda yuleyule akataka mbili. Maganda hayakuwepo, harufu imefichwa na kitunguu, na abiria walikula huku wameshika simu kwa mkono wa pili. Agatha akaanza kuchukua chapati kumi kwa Tausi kila asubuhi, kisha ishirini, kisha arobaini. Ndoo ikaanza kurudi nyepesi.

Kosa lake lilikuwa neno moja. Msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo, alikuwa juu ya ngazi ya basi, na mlango umeshaanza kujifunga. Akauliza haraka, "Mama, hiyo ni sandwichi?" Agatha akasema, "Ndiyo, sandwichi, chukua." Mlango ukajifunga. Aligeuka, akamwona Sadock nyuma yake na ndoo yake ya sandwichi za pembetatu, na hakuna hata moja iliyotoka tangu asubuhi.

Sadock aliitua ndoo yake. Alikwenda kwa mwenyekiti.

Kesi ikasikilizwa siku ileile saa nane mchana, saa ambayo mabasi ni machache, kwenye kivuli cha banda la fundi wa matairi. Fredrick alikalia kreti la soda. Wengine wakajipanga kwenye matairi mabovu. Agatha alikaa na ndoo katikati ya miguu yake, kizibao amekivaa.

"Mwenyekiti, sina ugomvi na Mama Evaline," Sadock alianza. Ni mtu mpole, ana watoto watano. "Mke wangu na yeye wanaimba kwaya moja. Lakini sandwichi ni yangu, na yeye ameitaja kwa mdomo wake mwenyewe."

"Mama Evaline, uliitaja?"

"Niliitaja."

"Kwa nini?"

"Mlango ulikuwa unafungwa, mwenyekiti."

Yunus akacheka. Kijana huyu si wa huku. Wazazi wake walikuja kukata mkonge kutoka Kigoma, na yeye ameanza kuuza maji hapo mwaka jana tu. "Ninyi Wapare ninyi! Mkikosa kesi ya shamba mnafungua kesi ya mkate."

"Nyamaza, hili ni baraza," Fredrick alisema, lakini naye alikuwa anatabasamu.

Tausi akainuka, mikono kiunoni. "Sandwichi gani hiyo? Ile ni chapati. Naisukuma mimi, naichoma mimi. Na chapati haiwi sandwichi hata ukiitia nyama ya tembo."

"Sawa," Sadock akasema. "Kama ni chapati, basi ni yako, na amekuvamia wewe."

"Mimi nimelalamika?"

"Hulalamiki kwa sababu ananunua kwako!"

"Sasa ulitaka anunue kwako akaikunje slesi? Si ingevunjika kama roho yako?"

Wakacheka wote, hata fundi wa matairi aliyekuwa chini ya lori.

"Ngojeni kwanza," Yunus akasema. "Kaka Sadock, sandwichi lazima iwe slesi mbili?"

"Mbili. Moja juu, moja chini."

"Mimi nyumbani nampa mtoto slesi moja, naikunja, siagi iko ndani. Mwanangu anakula nini?"

"Anakula umaskini wako," Tausi akamjibu.

"Na sambusa je?" Yunus akaendelea.

"Sambusa imefungwa kila upande," Sadock akasema. "Sandwichi inaachwa wazi pembeni, uone kilichomo."

"Kwa hiyo tofauti ni madirisha! Basi yale mabasi mapya ni sambusa."

"Na andazi nikilipasua nikatia maharage?" Tausi akauliza.

"Hilo ni andazi lenye maharage."

"Kwa nini lisiwe sandwichi?"

"Kwa sababu ulilipasua. Sandwichi haipasuliwi, inakutanishwa. Vitu viwili vilikuwa mbalimbali, vikakutana."

"Ah! Kaka Sadock anazungumzia ndoa sasa!"

Vicheko vikazidi. Walikuwa wanafurahi kweli, kama watu waliopata kivuli na mchana hauna kazi. Agatha alikuwa anawatazama mmoja mmoja. Aliona kwamba kila anayecheka kesho atakuja na kizibao chake, sandwichi iwe sandwichi isiwe sandwichi. Ni yeye peke yake ambaye namba ya mgongoni mwake ilikuwa inajadiliwa. Akajikaza, akasema kitu ambacho alikuwa amekipanga tangu asubuhi.

"Mimi nauza yai. Nimerithi yai. Abiria hawalitaki na ganda lake, nimelivua ganda. Hawataki kulishika, nimelifunika. Hilo ni yai tu, limevaa koti."

Yunus akaanguka kwenye tairi kwa kicheko. "Yai limevaa koti! Mama Evaline! Baridi ya Myamba imelifuata mpaka Same!"

Tausi alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga. Sadock naye akacheka, akitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa. Agatha peke yake hakucheka. Hakuwa amesema mzaha. Alikuwa ametoa ushahidi wake wote, na ulikuwa umekwisha.

Fredrick alingoja wanyamaze. "Tukiendelea hivi tutalala hapa. Tuweke maana moja, tuifuate. Mimi naona sandwichi ni kitu chochote kilichobanwa katikati ya..."

Alikuwa anaonyesha kwa mikono. Kiganja cha kulia kilikuwa kinakifuata cha kushoto taratibu, vinakaribiana, na kabla havijagusana vikasimama hewani. Kila mtu aliviona. Tausi akainamisha kichwa. Fundi akaacha kugonga. Upepo ulipita na vumbi lake, ukagonga bati la banda.

"Katikati ya viwili," Yunus akasema kwa furaha. "Malizia, mwenyekiti."

Tausi akampiga teke la kifundo. "Nyamaza wewe! Hujui unachosema."

Fredrick alificha mikono mifukoni. Hakuna aliyemtazama Agatha, na kwa kutomtazama kwao alijua wote wanamwona Erasmo, mrefu, mkono dirishani.

"Mwenyekiti," Sadock akasema, macho chini, "labda tuache. Mama aendelee tu."

Hapo kesi ilikuwa imefika mkononi mwake. Angelia kidogo tu, hata bila sauti, kesi ingekufa na asingeulizwa tena maisha yake yote. Machozi yenyewe hayakuwa mbali. Lakini kwa miaka minne Agatha alikuwa hajamtumia Erasmo kama bakuli la kuombea. Hakumtaja kwa konda, hakumtaja kanisani michango ilipopitishwa. Aliona kwamba akimtoa leo, atamtoa kwa ajili ya chapati.

"Malizia, baba," alimwambia Fredrick. "Nimeshasikia maneno makubwa kuliko hayo. Sema uamuzi."

Fredrick hakuweza kumalizia. Alikohoa, akatazama barabarani, akasema, "Tuulize dirisha."

Hiyo ndiyo njia yao ya mwisho wakikwama. Kitu chenye ubishi kinainuliwa mbele ya basi la kwanza kufika, abiria wa kwanza anaulizwa kinaitwaje, na atakavyokiita ndivyo kitakavyokuwa. Mwenye kitu haruhusiwi kusema neno, wala kukonyeza. Ndivyo viazi karai vilivyoamuliwa kuwa si chipsi, na aliyeshindwa siku hiyo hakukata rufaa.

Basi lilikuja baada ya robo saa, moja ya yale yasiyofunguka madirisha. Kwa hiyo dirisha likawa mlango. Wakasimama nusu duara, Fredrick mbele ameshika chapati ile kwenye karatasi. Agatha alisimama nyuma ya Tausi. Tausi aliutafuta mkono wake, akaushika.

Wa kwanza kushuka alikuwa mzee wa kitambo, kavaa koti la suti, anashuka ngazi moja moja na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mmenisimamia hivi, kuna nini?"

"Hakuna ubaya, mzee wetu. Tunakuuliza tu, hiki ni nini?"

Mzee alikipokea. Akakinusa. Akakifunua kwa kidole, akaona yai, akatazama nyuso zao kana kwamba anatafuta ipi inataka nini. Ndani ya kichwa chake Agatha alikuwa anasema: sema yai, baba, sema yai tu.

"Wajukuu zangu Dar wanaita sandwichi," mzee akasema.

Hakuna aliyeshangilia. Sadock alipangusa uso kwa kiganja.

"Lakini wewe mwenyewe, mzee," Yunus akadakia, na safari hii hakuwa anacheka, "wewe, kwa akili yako, unakiitaje?"

"Dirisha haliulizwi mara mbili," Fredrick akasema.

Mzee alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. "Kwani nimekosea?"

"Hujakosea, mzee," Agatha akamwambia. "Kula. Safari bado ni ndefu."

Kwa kuwa kitu kile kilipata jina siku ileile, Fredrick hakumvua Agatha kizibao, alimkataza tu kukiuza. Jioni Sadock alimfuata nyumbani. Hakukaa, alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama Evaline, nimefikiria. Kile kitu watu wanakipenda, itakuwa vibaya kikifa. Utengeneze wewe hapa nyumbani, mimi nipeleke mlangoni kwa mabasi. Tutagawana. Na wewe utapumzika lile jua."

Lilikuwa jambo jema na Agatha alijua ni jema. Alimtazama Sadock, akaona kwamba hatalala vizuri usiku huo.

"Na namba saba?"

Sadock akageuza kofia. "Si unajua. Anayekaa nyumbani havai kizibao. Itakwenda kwa foleni."

Agatha aligeuka kutazama ukutani. Kizibao kilikuwa kinaning'inia msumarini nyuma yake.

"Ile chapati yenye yai nimeiacha, ni yako," alisema mwishowe. "Lakini mayai bado ni yangu, au na hayo yameulizwa dirisha?"

"Hapana. Mayai ni yako. Ila nani atayanunua, mama? Si wanayakataa?"

"Wewe utayanunua. Sandwichi yako utaitia nini ndani? Na mwenye mayai kituoni ni mimi."

Sadock akaivaa kofia yake. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kweli kabisa," akasema. "Kweli kabisa."

Ndivyo ilivyo mpaka sasa. Alfajiri Agatha anachemsha, saa moja yuko kwenye nguzo yake ya taa, na kabla ya saa tatu Sadock ameshayachukua mayai yote, anayamenya kwenye kivuli cha banda, anaponda na kukunja. Sauti yake ni nzuri kuliko ya Agatha. Anapiga kelele "Sandwichi! Sandwichi ya chapati!" na milango ya mabasi inamfungukia. Pembetatu zake ameziacha. Tausi anasukuma chapati sitini sasa.

Agatha hana kazi tena baada ya hapo. Angeweza kwenda nyumbani akarudi jioni Fredrick anapopita, na hakuna ambaye angemlaumu. Haendi. Anasimama kutwa, kizibao kinapepea magotini, ndoo tupu imelalia nguzo, mikono ameifumbata kwa sababu haina cha kushika. Mabasi yanaingia, yanatoka, mengine yanarudi nyuma yakipiga king'ora chake kile, na kila linaporudi nyuma anageuza uso upande wa milima mpaka linyamaze.

"Nenda ukajinyooshe, Mama Evaline," Tausi humwambia mchana. "Ndoo yenyewe haina kitu."

"Nitaenda," anasema.

Juzi abiria mmoja mgeni, mama mwenye mtoto mgongoni, alikiona kizibao akadhani ni mchuuzi kama wengine. Akamjia mpaka pale kwenye nguzo.

"Dada, wewe unauza nini?"

"Mayai."

Mama yule aliinama akatazama ndani ya ndoo. "Mbona siyaoni?"

Agatha alimwonyesha kwa kidevu upande wa basi, pale Sadock alipokuwa amezungukwa na mikono ya watu.

"Yako kule," alisema.